Utalii wa michoro ya miambani Kondoa: hatua za kufuata kijijini kabla ya kumkaribisha mgeni wa kwanza

Mwongozo huu nimewaandikia watu wanaoishi chini ya milima ya Irangi, wilayani Kondoa, karibu na mapango yenye michoro ya kale: vijana wanaotaka kuongoza wageni, akina mama wanaotaka kuwapikia, na wajumbe wa serikali ya kijiji ambao kila mkutano huulizwa, "Na sisi tunapata nini?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la vitendo.

Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, na lina mapango yenye michoro zaidi ya 150. Tangu mwaka 1937 lilikuwa limeshatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alipiga kambi huku akinakili mchoro mmoja baada ya mwingine. Sifa zote hizo bado hazijafika kwenye sufuria za watu wengi wanaoishi jirani na mapango hayo. Magari ya Arusha na Dodoma hupita kijiji cha Kolo, kilicho karibu na mapango, bila kusimama, na yanayosimama mara nyingi huja na chakula chao, maji yao na mwongozaji wao.

Ninaamini jambo moja, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Utalii huulinda mwamba pale tu mtu anayekata kuni, anayechunga mbuzi na anayelima karibu na mwamba huo anapopata kipato kutokana nao na kuwa na sauti katika uamuzi. Vikundi vingi huanza na kibao cha "Karibuni Watalii" kando ya lami. Kibao kiacheni kiwe cha mwisho.

Hatua ya kwanza: jueni nani ana mamlaka juu ya nini

Pango moja linaweza kuwa chini ya mikono minne, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Michoro yenyewe iko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hairuhusiwi kuchimba, kuondoa kitu wala kubadilisha chochote bila kibali. Kiingilio cha kuona michoro hupangwa na serikali na hulipwa serikalini. Ofisi ya kupokea wageni iko Kolo. Kikundi chenu hakiwezi kujitungia kiingilio chake mlangoni mwa pango. Mnachoweza kuuza ni huduma: kuongoza, kupika, kulaza, kubeba mizigo, ngoma, asali, vikapu. Lishikeni hili mapema, maana kikundi kinachokusanya "kiingilio" kisicho halali hufungwa hata kama nia yake ilikuwa njema.

Ardhi inayozunguka, ikiwa ni ya kijiji, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na haigawiwi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Msitu ulio juu ya pango unaweza kuwa wa kijiji au wa Serikali Kuu chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ulizeni wilayani na mwombe kuoneshwa mpaka kwenye ramani. Kumbukumbu ya mzee mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, haitawasaidia siku ya mgogoro.

Mkono wa nne ni wa wazee wa mila. Mungomi wa Kolo, pango maarufu kuliko yote, hadi leo ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji. Nendeni kwa wazee kabla hamjaenda kwa afisa yeyote. Waulizeni siku gani mgeni asipande, sehemu gani asifike, na kitu gani asipige picha. Wakisema pango fulani halioneshwi, jibu ndilo hilo, msilirudie kwa maneno mengine. Wala msiwaombe waigize tambiko ili mgeni apate picha.

Hatua ya pili: mkutano mkuu wa kijiji, na historia iliyo mezani

Hapa chukueni muda mrefu kuliko mnavyodhani mnahitaji. Watu wa Kondoa hawalisikii neno "hifadhi" kama watu wa mahali pengine, na wana sababu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 ili kupambana na makorongo yaliyokuwa yakiila milima hii. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Lakini familia nyingi zilipoteza maziwa na samadi, na wengine walihama na ng'ombe wao wasirudi. Mzee anayekuuliza, "Mkishawaleta hao wazungu, mbuzi wangu watalala wapi?" anakumbuka jambo lililotokea kweli. Mjibuni kwa ramani na kwa maandishi.

Kwa hiyo pelekeni mkutanoni mambo yanayoweza kupigiwa kura: pango gani litatembelewa na gani halitatembelewa, njia ya wageni ipite wapi, mifugo ichunge wapi na katika miezi gani, kuni zikusanywe wapi, na fedha zigawanywe vipi. Kila asiyepoteza kitu atanyoosha mkono haraka. Mtafuteni anayepoteza: mwenye shamba ambalo njia itapita, mchoma mkaa, kijana anayechunga pale. Hao ndio wa kwanza kupewa kazi. Mchoma mkaa aliyezoea kilima kile usiku na mchana atakuwa mlinzi bora kuliko mtu wa kuletwa, na mchungaji huijua kila njia ya mkato.

Muhtasari uandikwe, usainiwe, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Yale yaliyokubaliwa juu ya kuni, moto na mifugo yageuzwe kuwa sheria ndogo za kijiji, zipelekwe halmashauri ya wilaya zikaidhinishwe. Bila idhini hiyo, faini yoyote mtakayotoza haina nguvu.

Hatua ya tatu: kagueni mapango kabla ya wageni

Pandeni mkiwa na mzee mmoja, vijana wawili watatu, na mtaalamu wa Mambo ya Kale. Kila pango lipigwe picha kutoka sehemu ileile, kwa mbali na kwa karibu, na tarehe iandikwe. Andikeni mnachokiona: wapi rangi imebanduka, wapi kuna majina yaliyochorwa kwa mkaa, wapi mchwa umejenga juu ya mchoro, wapi sakafu imechimbwa. Msikwangue kitu wala msisafishe. Kiota cha nyigu kikitolewa vibaya huondoka na rangi iliyo chini yake, na kazi hiyo ni ya mtaalamu.

Mashimo mtayakuta. Kwa miaka mingi imevuma habari kwamba Wajerumani walificha hazina chini ya miamba yenye michoro, na watu wamechimba usiku wakiitafuta. Michoro ilikuwepo karne nyingi kabla Mjerumani yeyote hajafika. Lisemeni hilo wazi shuleni, msikitini, kanisani na kwenye vijiwe vya kahawa. Anayechimba anaharibu udongo wenye zana za mawe na vigae vinavyoweza kutueleza wachoraji walikuwa nani, tena anavunja sheria.

Mkimaliza, chagueni mapango mawili au matatu tu ya kuonesha. Mengine yaacheni yapumzike.

Hatua ya nne: kikundi na fedha

Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii, kiwe na katiba, akaunti ya benki na watia saini watatu, angalau mmoja wao mwanamke. Kikundi cha vijana, cha wanawake au cha watu wenye ulemavu kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi hivyo. Ushauri wangu ni kutokukopa mwaka wa kwanza. Utalii wa miambani hauleti fedha kila wiki, na marejesho hayasubiri.

Mkitaka siku moja kuuza safari kamili, yenye usafiri na malazi ndani yake, mtahitaji leseni ya biashara ya utalii kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kwa kuanzia, fanyeni kazi na kampuni zenye leseni na mbaki na huduma zenu za kijijini.

Mgawanyo uamuliwe kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Chukueni mfano huu. Wageni wanne wamekuja, kila mmoja amelipa kikundi shilingi 30,000 mbali na kiingilio cha serikali. Jumla ni 120,000. Mwongozaji anapata 30,000, chakula na wapishi 40,000, mfuko wa ulinzi wa mapango na msitu 20,000, mfuko wa kijiji 15,000, na akiba ya kikundi 15,000. Viwango mtavibadilisha kulingana na hali yenu, ila mfuko wa ulinzi usiwe wa kupewa kitakachobaki. Ndio unaomlipa mlinzi mwezi ambao hakuna mgeni, na mwezi huo ndio wenye hatari zaidi.

Fedha zilipwe kwa lipa namba ya kikundi, si kwa simu ya mtu. Kila malipo yawe na stakabadhi. Kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ofisi ya kijiji, mahali ambapo mtu asiyehudhuria vikao anaweza kuisoma. Nimeona vikundi vyenye watu waaminifu vikivunjika kwa sababu tu hesabu zilikaa kichwani mwa mweka hazina.

Hatua ya tano: kanuni za mwambani

Mgeni azisikie kabla ya kupanda, na azisikie tena mlangoni mwa pango.

Asiguse. Jasho na mafuta ya mkono hubaki juu ya mwamba. Asiwashe moto wala kuvuta sigara pangoni. Asiokote jiwe wala kigae. Asikokote miguu, kwa sababu vumbi likipanda hutua juu ya rangi. Ndiyo maana watu waingie wachache, wanane kwa wingi, na wengine wasubiri nje kivulini. Asiandike kitu.

Kanuni ya maji inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu desturi ya kumwagia michoro maji imekuwepo muda mrefu na hata waongozaji wameifanya. Ukimwagia maji, rangi nyekundu hukolea papo hapo na mgeni hufurahi. Lakini maji huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya mwamba. Yanapokauka, chumvi hiyo hutoka juu na kuganda kama utando mweupe juu ya mchoro, kisha rangi huanza kubanduka. Mchoro uliofifia leo mara nyingi ni ule uliomwagiwa sana jana. Hakuna anayeweza kuurudisha.

Mgeni atakuomba tu. Atasema, "Kaka, mwagia maji kidogo tuone vizuri." Jibu liwe tayari: "Samahani mama, maji yanaiua rangi. Nipe simu yako nikuoneshe njia nyingine." Kuna programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa mahususi kwa michoro ya miambani, huchukua picha ya kawaida na kuzitenganisha rangi hadi mistari isiyoonekana kwa jicho ijitokeze. Kikundi kikiwa na simu moja yenye programu hiyo, mgeni ataona zaidi ya alivyoona yule wa maji. Mfundisheni pia kusimama, kunyamaza kidogo na kuacha macho yazoee kivuli. Twiga na pofu (wanyama wakubwa wa jamii ya swala) wengi waliochorwa huonekana baada ya dakika chache tu za subira.

Miti iliyo mbele ya pango ni sehemu ya ulinzi. Inazuia mvua ya upepo, vumbi na jua la moja kwa moja. Anayeikata ili "pango lionekane vizuri kutoka njiani" anaufungua ukuta wa nyumba. Vivyo hivyo mbuzi wakilala pangoni husugua miili yao ukutani. Wajengewe kivuli kingine, na gharama itoke mfuko wa ulinzi.

Hatua ya sita: mwongozaji aseme nini

Mwongozaji mzuri hutofautisha linalojulikana na linalodhaniwa. Linalojulikana: rangi nyekundu ilitokana na udongo wenye madini ya chuma, kuna wanyama kama tembo, twiga na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa, kisha kuna michoro myeupe, iliyo minene na ya alama zaidi, ambayo mara nyingine imechorwa juu ya ile myekundu. Linaloaminiwa na watafiti wengi: myekundu ni kazi ya wawindaji na wakusanyaji, ambao Wasandawe, jamii inayoishi wilaya ya Chemba, wanahusishwa nao, na myeupe ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye.

Sehemu nyingine zibaki maswali, na mgeni hukipenda kijiji kinachomwambia ukweli. Katika mchoro mmoja wa Kolo watu wanaonekana wakimvuta mtu wa katikati. Kuna anayesema ni utekaji, kuna anayesema ni ngoma au uponyaji. Toeni tafsiri zote mbili, kisha mwacheni mgeni atazame.

Mkitaka Msandawe aje kueleza uwindaji, asali ya porini au lugha yake, mwalikeni kwa heshima na mlipeni kama mnavyomlipa mtaalamu yeyote. Ni jamii hai yenye watoto shuleni na mashamba, na isisimuliwe kana kwamba imekwisha.

Hatua ya saba: chakula na malazi

Pikeni mnachokula: ugali wa mtama au uwele, mlenda, kuku wa kienyeji, maziwa ya mgando, karanga. Mgeni aliyetoka mbali hakuja Kondoa kutafuta chipsi. Choo kiwe safi, chenye maji ya kunawa na sabuni, na kijengwe kabla ya nyumba ya wageni. Mpishi asitumie kuni za kilima kilekile tunachokilinda. Tumieni majiko banifu na kuni za mashamba yenu. Asali iuzwe ikiwa imechujwa, na mizinga iwe mbali na njia ya wageni. Kuhusu kulaza watu, anzeni na sehemu ya kupiga hema tu. Nyumba itajengwa kwa faida.

Hatua ya nane: mgeni wa kwanza atoke karibu

Wengi wanamsubiri mzungu. Mimi ningeanza na Dodoma, takriban kilomita 160 kutoka Kondoa mjini, barabara yote lami. Kuna watumishi wa wizara zote, kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna shule zinazofundisha historia ya zama za mawe kwa picha za vitabuni. Tangu treni ya SGR ianze safari zake hadi Dodoma mwaka 2024, hata mtu wa Dar es Salaam anaweza kupanda asubuhi, akalala Dodoma au Kondoa, na kesho yake akawa mwambani. Mgeni wa ndani huja mara nyingi, huleta ndugu, na Kiswahili chake hakihitaji mkalimani.

Panga msimu wako na kalenda ya shamba. Mvua huanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Njia huteleza, makorongo hujaa, na kila mtu yuko shambani. Kuanzia Juni hadi Oktoba mavuno yameshaingia, mikono ipo na njia ni kavu. Shughuli hii isimnyang'anye mtu siku ya kupanda mahindi.

Kwa mgeni yeyote, wa ndani au wa nje, waambieni mapema: viatu vya kufunga, kofia, maji ya kutosha, ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na watoto wasigawiwe pipi wala fedha njiani. Anayetaka kusaidia shule apelekwe kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya tisa: daftari, picha, na ufunguo wa kufunga

Kila kundi liandikwe: tarehe, idadi, limetoka wapi, limeona mapango gani, limelipa kiasi gani. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, pandeni tena na zile picha za mwanzo mkononi, mlinganishe. Picha za zamani na mpya zioneshwe mkutanoni pamoja na hesabu za fedha, siku hiyohiyo.

Rangi ikionekana kupungua, au mikwaruzo ikiongezeka, pango hilo lifungwe kwa wageni hata kama ndilo linalopendwa zaidi, na taarifa ipelekwe Kolo kwa maandishi siku hiyo. Uamuzi huo uwekwe kwenye katiba ya kikundi tangu mwanzo, pamoja na jina la cheo cha anayeweza kufunga papo hapo bila kusubiri kikao. Ningempa mlinzi wa pango, kwa sababu ndiye anayelala karibu. Waongozaji wahamie pango jingine kati ya yale mliyoyapumzisha, na malipo ya mlinzi yaendelee kama kawaida.